Nani Alishinda? Barua ya Wazi kuhusu Mbio za Mashua za Lamu

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, kwa wasimamizi wa makumbusho yetu ya Lamu, na kwa Waziri wa Kaunti ya Lamu anayeshughulikia vijana, michezo na utamaduni.

Waheshimiwa,

Nawaletea swali lililozua ubishi barazani kwetu: ni mashua gani iliyoshinda mbio za tamasha la Lamu miaka 15 iliyopita? Nahodha wake alikuwa nani? Aliyeijenga ni fundi wa Matondoni au wa Kizingitini? Hatuulizi habari za zama za Bwana Mataka, aliyetawala Siyu zamani. Walioziona mbio hizo wamo mjini, wengine walikuwa ndani ya vyombo vyenyewe wakivuta kamba. Na bado tulipata majibu matatu, kila mwenye jibu lake akiapa.

Kama jibu la kweli limeandikwa na liko ndani ya jalada katika ofisi fulani, naomba jalada lifunguliwe watu wasome. Kama halikuandikwa, ndiyo sababu ya barua hii.

Sisi wa visiwa hivi si watu wa kuambiwa hawajui kalamu. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728. Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi wake mwaka 1858. Siyu palikuwa na mafundi wa kunakili misahafu na kuipamba kwa wino, na kazi za mikono yao mnazitunza nyinyi wenyewe. Watu hao walikuwa watu wa bahari, na walichokiandika ni dini, tiba, nyota, mapenzi na vita. Chombo kilichowatangulia wenzake kufika bandarini hakikuandikwa, kwa sababu mji mzima ulikijua, na jambo linalojulikana na mji mzima hakuna anayeona haja ya kulipotezea wino.

Nayajua mliyoyafanya, na sina nia ya kuyadharau. Katika jumba la makumbusho la pwani tunaziona siwa, zile baragumu za enzi, na tunaona mifano ya vyombo, ukiwemo mtepe uliokuwa ukishonwa kwa kamba bila msumari na kwenda kwa tanga la ukili. Ngome iliyokuwa jela hadi 1984 mmeifanya mahali pa kusomea na kukutania. Mmeitunza hata ile posta ya Wajerumani, iliyofunguliwa Novemba 1888 na kufungwa Machi 1891. Ofisi ya barua iliyodumu kwa muda usiofika miaka mitatu ina nyumba yake ya makumbusho katika mji wetu wa Amu! Sina ugomvi na Wajerumani wala na stempu zao. Ila mashindano ya mashua, ambayo watu wa Shela, Matondoni, Faza na Kizingitini wameyaachia kazi na usingizi kizazi baada ya kizazi, sijayaona yakipewa chumba, wala ukuta, wala kabati moja la kioo. Mnatuonyesha vyombo na mwenye kuviendesha hayumo.

Na mwenye kuviendesha ndiye aliyekuwa na elimu. Mgeni anayetazama mbio akiwa gatini huona matanga meupe, akapiga picha. Mwenyeji humtazama nahodha yupi ameshikilia upande wa Manda na yupi wa Amu wakati maji yanatoka, akajua mapema nani atasaidiwa na mkondo na nani atapigana nao. Hungoja chombo kifike kwenye boya na kuanza kubisha. Hapo foromali, mti unaobeba tanga, huinuliwa wima, ikazungushwa mbele ya mlingoti, na tanga likapokea upepo kwa upande wa pili. Kazi hiyo ikikosewa, tanga hujifunga kwenye mlingoti, chombo kikasimama na wenzako wakakupita wakikuimbia. Hutazama vijana waliotoka nje juu ya ubao upande wa upepo, migongo ikikaribia kugusa maji ili chombo kisipinduke, na hutazama aliyebaki chini akitoa maji ngamani kwa kopo, ambaye picha za watalii hazimwoni. Anajua tanga lipi limeshonwa lina tumbo zuri na lipi limekatwa vibaya. Humo mna hesabu za upepo, uzito na maji ambazo mwalimu wa fizikia angefurahi kuwaonyesha wanafunzi wake, lau angewahi kupanda.

Kisha kuna majira. Mbio za mwaka mpya wa Januari huwa ndani ya kaskazi. Tamasha la utamaduni, lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kawaida huangukia Novemba, kusi imeshachoka na kaskazi haijatulia. Mbio za Maulidi hufuata mwezi. Maulidi yetu ya Riyadha ni ya wiki ya mwisho ya Mfunguo Sita, na Mfunguo Sita hurudi nyuma karibu siku 11 kila mwaka, kwa hiyo katika miaka kama 33 mbio hizo hupita katika kila upepo tulio nao. Nahodha aliyeshinda Maulidi wakati wa kusi, akaja kushinda tena miaka 15 baadaye wakati wa kaskazi, ni mtu wa namna gani? Alibadilisha tanga au alibadilisha chombo? Yawezekana yupo, na yawezekana hajatokea. Bila daftari hatuna njia ya kulijibu hata swali zuri kama hilo.

Nitawapeleka mbali kidogo, kwa sababu huko mbali walio katika hali kama yetu walifanya kazi ambayo sisi hatujaianza.

Marekani kuna mchezo wa besiboli, wa kupiga mpira kwa gongo. Kwetu hauchezwi sana, lakini majirani zetu wa Uganda wameushika: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania. Katika mchezo huo watu Weusi walifungiwa mlango wa ligi kubwa tangu miaka ya 1880, kwa mapatano ya wenye timu tu, hata sheria haikuhitajika. Wakaunda zao. Mwaka 1920, katika mji wa Kansas City, Rube Foster aliwakusanya wenye timu wenzake wakaanzisha ligi ya Weusi. Humo alicheza Satchel Paige, mrushaji ambaye ligi kubwa ilimpokea mwaka 1948 akiwa na miaka 42, umri wa wengine kustaafu. Humo alicheza Josh Gibson, mpigaji asiye na mfano, aliyefariki Januari 1947 akiwa na miaka 35. Miezi mitatu baadaye, tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson aliingia uwanjani na mlango ukafunguka.

Mlango ulipofunguka wachezaji bora wakahama, watazamaji wakawafuata, na zile ligi za Weusi zikafa. Wazee wakabaki na hadithi. Kila mtu alikuwa na kisa cha Gibson na mpira aliouvusha paa, na kila kisa kilikuwa na urefu wake, kama vile visa vyetu vya nani alimwacha nani kwa masafa gani. Kilichowaokoa ni kwamba magazeti ya Weusi, kama Chicago Defender na Pittsburgh Courier, yalikuwa yakichapisha matokeo. Hayakuchapisha yote, na mara nyingi yalikuwa na mapengo, lakini yalichapisha. Miongo mingi baadaye wakatokea watu wa kujitolea, wengi wao hata si maprofesa, wakakaa maktabani wakipekua gazeti baada ya gazeti, mchezo baada ya mchezo, wakijumlisha. Mwaka 1990 wenyeji wa Kansas City walianzisha makumbusho ya ligi hizo, wakianzia chumba kimoja. Mmoja wa walioyasimamisha ni Buck O'Neil, mchezaji na kocha wa zamani, aliyezunguka nchi nzima akiwataja wenzake kwa majina. Mwaka 2006, akiwa na miaka 94, alikosa kura za kuingizwa kwenye jumba la heshima la mchezo huo. Hata hivyo alisimama jukwaani akawasemea 17 wa besiboli ya Weusi walioingizwa siku hiyo, ambao wote walikuwa wameshafariki. Alikufa Oktoba mwaka huo, na yeye akaingizwa 2022.

Desemba 2020 ligi kubwa ya Marekani ilikubali kwamba ligi za Weusi za 1920 hadi 1948 nazo zilikuwa ligi kubwa. Mei 2024 hesabu zikaunganishwa katika daftari moja, na jina likabadilika pale juu kabisa. Mpigaji mwenye wastani bora kuliko wote katika historia ni Josh Gibson, kwa 372 katika kila 1,000, akampita Ty Cobb aliyekaa kwenye kiti hicho kwa miaka mingi. Gibson alikuwa na miaka 77 kaburini. Aliyemtoa Cobb kitini ni karani wa gazeti asiyejulikana, aliyeandika matokeo jioni moja ya miaka ya 1930 kisha akaenda kula.

Sisemi hali zetu ni sawa. Manahodha wetu hawakufungiwa mlango na mtu kwa rangi yao. Wamesahauliwa na sisi wenyewe, kwa uvivu wa kalamu, na hilo linanikera zaidi. Picha zao zimo katika vitabu vya watalii na katika nyumba za Ulaya, na chini yake pameandikwa tu kwamba hilo ni jahazi wakati wa machweo.

Na msiniambie kwamba kumbukumbu za wazee zinatosha. Inasemekana nakala ya Habari za Pate, tarikhi ya ufalme wa Nabahani, iliteketea Witu mwaka 1890 Waingereza walipoushambulia mji ule. Sehemu kubwa ya kilichotufikia ni alichokihifadhi kichwani mzee mmoja, Muhammad bin Fumo Omari, maarufu kwa jina la Bwana Kitini, naye akawasimulia walioandika. Ufalme wa karne kadhaa ukapita katika koo la mtu mmoja. Tulibahatika kwamba alikuwepo na kwamba aliulizwa. Manahodha wa miaka ya 1960 na 1970 bado wapo wachache, na hao wachache tunaendelea kuwasalia jeneza.

Sasa nije kwa vijana, maana najua hilo ndilo neno ambalo kaunti inalipenda kwenye bajeti.

Kijana wa Langoni au wa Faza leo anaendesha boti ya faiba yenye mashine. Anafika Mokowe kabla babu yake hajamaliza kupandisha tanga. Simlaumu, abiria hawangoji upepo. Bandari mpya upande wa pili ilipokea meli yake ya kwanza Mei 2021, na amekuwa akisikia tangu akiwa mdogo kwamba kazi zitakuja. Wavuvi walipita kwenye marufuku ya kuvua usiku, na sehemu walizokuwa wakivua zikachimbwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba mradi wa bandari uliingilia haki za wenyeji, na haki ya utamaduni ikiwa mojawapo, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Daftari la mbio za mashua halileti fidia. Lakini siku nyingine tukiulizwa mahakamani au kwingineko bahari hii ni ya nani na inatumikaje, ni vizuri tuwe na karatasi yenye majina, vijiji na miaka, badala ya kusema tu kwamba tulikuwepo tangu zamani.

Kwa huyo kijana mwenyewe ninalo jambo jingine. Tumezoea kumhimiza kwa hotuba: uthamini utamaduni wako, uache maskani, uache unga. Anaitikia, kisha anarudi maskani. Lakini mwambie kwamba nahodha fulani wa kijijini kwao alishinda mara nne, mara mbili ndani ya kusi, kwa chombo kilichojengwa na mjomba wake, na kwamba tangu hapo hajatokea wa kufika mara tano. Hapo umempa mtu wa kumshinda. Mtoto wa Nairobi anajua nani anashikilia rekodi ya marathoni na kwa saa ngapi. Wa kwetu hana rekodi ya kuvunja kwa sababu hakuna aliyeiweka, na masimulizi ya barazani hayavunjiki, kila jioni yanaongezeka urefu.

Kwamba vijana wanavutwa na kazi hii hatuhitaji kubahatisha. Mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake walishusha hapa Lamu ile Flipflopi, dau la plastiki iliyookotwa ufukweni, likavikwa vipande vya ndara vya kila rangi, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kwa tanga hadi Unguja. Dunia nzima ililizungumzia. Nililolipenda mimi ni kwamba ubao au plastiki, aliyejua mkuku ukae vipi na taruma zipinde wapi alikuwa fundi wa Lamu aliyeyarithi hayo kwa wazee wake. Vijana walikizunguka chombo kile wakiwa na maswali. Mtu akiwa na jina, chombo na safari ya kusimulia, hahitaji mabango.

Ndugu zetu wa Ghuba wametutangulia katika hili. Dubai ina mbio za majahazi za Al Gaffal tangu 1991, zinazoanzia kisiwa cha Sir Bu Nair na kumalizikia mjini, na washindi wake wanajulikana mwaka kwa mwaka. Wao wana mafuta, mtasema. Kalamu ya risasi haiuzwi kwa pipa.

Ninachoomba ni daftari la mbio. Makavazi walifungue rasmi, kaunti ililipie, na liwe mali ya watu wa visiwa vyote, pamoja na Ndau na Kiwayu ambao mara nyingi hukumbukwa siku ya kura tu. Kwa kila shindano yaandikwe majina ya chombo, mwenye chombo, nahodha, mabaharia wote hadi yule wa kopo, fundi aliyejenga na aliyeshona tanga. Uandikwe upepo wa siku hiyo, na kama yalikuwa bamvua au maji mafu, kwa sababu mbio za baharini hazina uwanja wa kupimwa kwa futi na saa peke yake haisemi kitu. Mbio za punda za pwani nazo ziingie, kwa kuwa wale watoto wepesi wanaopanda punda bila tandiko ndio hao hao utakaowakuta juu ya ubao wa mashua miaka michache baadaye. Mchezo wa bao wa uwanjani Mkunguni uingie pia. Mabingwa wake wana kiburi kikubwa kuliko manahodha na hawatasamehe wakiachwa.

Wanawake wasisahauliwe katika kuandika. Kamba za usumba na matanga ya ukili ya zamani hayakujisokota wala kujisuka. Halafu, nikiwa nimeshakasirisha baadhi ya wazee wenzangu, niongeze: sijui kwa nini wasichana wetu wa Shela, wanaoogelea kama samaki, wasipewe siku yao na chombo chao. Katika zile ligi za Weusi za Marekani, mwaka 1953, mwanamke aitwaye Toni Stone alicheza pamoja na wanaume. Mbingu haikuanguka.

Kazi ya kuuliza wapewe wanafunzi. Msilete kampuni ya ushauri kutoka Nairobi itakayoandika ripoti yenye picha ya gavana kurasa mbili za kwanza, ikazinduliwa hotelini kwa fulana. Chukueni vijana wa sekondari za Lamu, Faza na Mokowe, muwafundishe kutumia kinasa sauti na kuandika tarehe vizuri, muwalipie nauli ya boti. Kijana aliyekaa na nahodha wa miaka 80 akamwandika hatahitaji kuambiwa na mtu kwamba historia ni yake. Na katika kila mbio, kabla ya bunduki kulia, mtangazaji asome majina ya manahodha na ya mafundi, na ya walioshinda mwaka uliotangulia. Dakika tano zinatosha. Sasa tunatumia muda mrefu kuliko huo kuwasalimia wafadhili.

Chumba kimoja cha Ngome kingetosha kwa kuanzia. Kansas City nao walianza na chumba kimoja. Ukutani pawe na orodha iliyoachwa wazi upande wa chini, ili anayeingia aone kwamba mahali pa jina lake papo.

Anzeni na Matondoni na Kizingitini kabla ya Maulidi yajayo, maana huko ndiko waliko wazee wa ujenzi na wa mbio kwa pamoja. Waendeeni baada ya Alasiri, wakiwa wameshapumzika. Na kwa hapa mjini msimuulize mzee wa mtaa wa Mkomani bila wa mtaa wa Langoni kuwepo. Watabishana, na wakibishana yaandikwe maneno ya wote wawili, pamoja na tarehe na jina la kila msemaji. Asiyekubaliana naye aje aandikwe.

Wenu,

Mwana wa Amu,
Langoni, Lamu